Kibuyu cha Mzee

Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kukataa maziwa. Kuyapokea pia ni kazi yangu, tena ndiyo kubwa, lakini hakuna anayekukumbuka kwa yale uliyopokea. Kila asubuhi watu huja kwenye kituo chetu cha kupozea maziwa, wengine kwa pikipiki, wengine kwa punda, wengine mtungi umefungwa mgongoni kwa kamba, nami nasimama mlangoni na gambuti zangu nyeupe na vyombo vyangu viwili. Natia maziwa kidogo kwenye spiriti. Yakiganda, yameanza kuchacha, yarudi nyumbani. Natumbukiza kipimo cha kioo. Kikizama kupita mstari, mtu ametia maji. Hapo hakuna mjomba wala shangazi. Nimemrudisha mzee wa kanisa. Nimemrudisha mwalimu mkuu wa watoto wangu. Jumapili wakinipa mkono wanautoa haraka, kama watu wanaogusa sufuria ya moto.

Mimi si wa hapa kwa kuzaliwa. Nilitoka milima ya Kisii, ng'ambo ya Sotik, nikaolewa Bomet, upande wa Longisa, kwenye boma lenye chai mbele, mahindi nyuma na ng'ombe katikati. Huu ni mwaka wa kumi na nne na Kikipsigis changu bado kinawachekesha wanangu mwenyewe. Kwa hiyo mimi na mama mkwe wangu tumezungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, lugha ambayo si yake wala si yangu, na mara nyingi nimefikiri hiyo ndiyo sababu hatukuwahi kugombana vizuri. Ugomvi mzuri unataka lugha ya mtu.

Kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya, hata wale wanaomzidi umri. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mipana kuliko mwili wake, na hajakaa darasani hata siku moja. Maziwa yake sijawahi kuyarudisha. Si kwa sababu ni mama mkwe. Ningeyarudisha, na yeye anajua ningeyarudisha. Mwaka wa kwanza niliyapima mara mbilimbili kwa hamu ya kumkamata, Mungu anisamehe, lakini sikupata kitu.

Na kama maziwa yake mabichi yalinishangaza, ya kibuyu yalinitia adabu. Mursik ya Kogo, maziwa hayo ya kuchachisha kibuyuni, ilijulikana kutoka kwetu hadi Sigowet. Alichemsha maziwa, akayapoza, akachoma kijiti cha senetwet, mti ule wa maua ya manjano, akalisaga kaa lake ndani ya kibuyu hadi kuta zikawa nyeusi, ndipo akamimina na kufunika. Baadaye alikitikisa kibuyu mara moja, akakiweka sikioni na kusema, "Bado siku mbili." Mimi niliyesomea mambo ya maziwa chuoni miaka miwili nilikuwa naiba kijiko kimoja, napeleka kituoni kupima uchachu wake. Siku mbili zilikuwa siku mbili. Siku moja nilimuuliza anasikia nini humo ndani. Akanitazama kwa huruma.

"Wewe unapimanga na chupa. Mimi napimanga na sikio. Sasa nikuuzie sikio?"

Hata ule mti aliupigania. Wakati kila mtu hapa alifyeka vichaka ili chai ifike ukingoni mwa barabara, senetwet ilikuwa ya kwanza kung'olewa, na leo wanawake wengi hutafuta kaa lake kama dawa. Kogo aliacha safu nzima kwenye ua wake. Mumewe alilalamika, bwana shamba alilalamika, naye akawaambia chai haijawahi kunywesha mtoto aliyeachishwa ziwa. Wanawake ishirini wa kikundi chetu cha kuuza mursik huja kukata vijiti pale hadi leo.

Lazima niseme jambo moja kuhusu vibuyu, kwa sababu ndilo kiini cha yote. Katika boma la zamani la Kipsigis kibuyu si chombo cha kila mtu. Watoto wana chao, wageni wana chao, na baba wa nyumba ana chake, ambacho mkewe pekee hukisafisha, hukipaka kaa na kukijaza. Kibuyu cha Mzee, baba mkwe wangu, kilikuwa na shingo ndefu, kifuniko cha ngozi na mkanda wa shanga. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kukishika. Hata wanawe hawakunywa humo.

Mzee alikufa kwa ugonjwa wa koo. Ulianza na ugali kukwama, akacheka, akasema meno yamezeeka. Kisha uji ukakataa kushuka. Hospitali ilipotuambia ni saratani, ugonjwa ulikuwa umekwisha kumaliza kazi yake. Nilimwona mtu mkubwa, mchumaji chai aliyekuwa akijaza kikapu kabla wengine hawajafunga aproni, akigeuka mfuko wa mifupa. Wiki za mwisho kitu kimoja tu kilipita: maziwa ya kibuyu chake, kijiko kwa kijiko, mkononi mwa Kogo. Baada ya mazishi aliosha vyombo vyote vya nyumba isipokuwa hicho. Alikitundika kwenye msumari katika jiko la zamani, na kikakaa hapo miaka minne na masizi yake.

Halafu ikaja ile sauti ya simu.

Sijui nani aliyeirekodi. Ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, sauti ya mwanamume mwenye haraka, akisema madaktari wamegundua kwamba mursik ndiyo inayoleta kansa ya koo katika nchi yetu ya chai, na kwamba wanawake wa huku wamekuwa wakiua waume zao polepole bila kujua. Kogo hana simu ya aina hiyo. Aliisikia kwenye maombi ya akina mama, simu ikiwa imewekwa juu ya benchi ili wote wasikie. Niliambiwa hakuna aliyemtazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

Alinikuta nikikamua.

"Wewe ulisoma mambo ya maziwa," akasema. "Hiyo maneno ni ukweli?"

"Kogo, watu wa simu wana maneno mengi. Achana nao."

"Sijauliza watu wa simu. Nimeuliza wewe."

Ng'ombe alikuwa katikati yetu na nilishukuru. Ukweli ni kwamba chuoni tuliwahi kuambiwa wapo watafiti wanaoyachunguza maziwa haya, na kwamba hakuna aliyekuwa na jibu. Ningeweza kumwambia hivyo. Badala yake nilisema ni uvumi mtupu, nikavuta chuchu kwa nguvu hadi ng'ombe akanipiga teke. Kogo akaondoka. Tangu siku hiyo hakunywa mursik, ingawa aliendelea kutengenezea kikundi, na alipokuwa akipaka kaa nilimwona akisimama ghafla, mkono ndani ya shingo ya kibuyu, kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya. Sikuhitaji kuuliza anawaza nini. Alikuwa anajiuliza kama alimuua mumewe.

Watafiti wenyewe walikuja muda si mrefu baadaye. Chifu aliitisha baraza kwenye kituo cha kununulia chai, siku isiyo ya kupima majani, tukaketi kwenye vikapu vilivyopinduliwa. Nilitarajia wazee wa vitambi na miwani. Aliyesimama alikuwa msichana, yaani kwangu ni msichana, mzaliwa wa Soin, anayevaa viatu vya raba, na alizungumza Kikipsigis kisha Kiswahili bila kuchoka. Alisema ugonjwa huu unatusumbua sisi kuliko watu wa sehemu nyingine na bado haijulikani vizuri kwa nini. Akataja washukiwa: chai inayonywewa ikiwa moto mno, tumbaku, pombe, mahindi yaliyoota ukungu, na ndiyo, kitu fulani kinachoweza kujitengeneza ndani ya maziwa yanapochacha. "Washukiwa," akasisitiza. "Hakuna aliyehukumiwa." Kisha akasema hatujui. Akasema hivyo mara tatu. Nimekaa na wasomi, nimesikiliza wataalamu wakija kwenye kituo chetu na mikoba yao, lakini sikuwahi kusikia mtu mwenye shahada akisimama mbele ya umati na kusema hatujui kwa utulivu ule. Nilimpenda hapo hapo.

Hakukaa vizuri mheshimiwa akainuka. Mwakilishi wetu huyo wa wadi hakosi mkutano wenye watu zaidi ya kumi. Akasema mila yetu inatukanwa, akasema babu zetu walikunywa maziwa haya wakaishi miaka mia, akasema kuna watu wanataka tuache mursik ili watuuzie vinywaji vya chupa. Watu wakapiga makofi. Hata mimi mikono yangu iliinuka, kwa sababu kikundi chetu kilikuwa kimeanza kupeleka mursik ya pakiti kwenye maduka ya Longisa na barua ya kuomba alama ya ubora niliiandika mimi kwa mkono wangu. Mheshimiwa alikuwa anatetea soko langu.

Kogo akasimama. Wanawake wa rika lake hawasimami barazani hovyo, kwa hiyo makofi yalikufa yenyewe.

"Mheshimiwa," akasema, "mara ya mwisho wewe kukunywa mursik ya kibuyu ilikuwa lini?"

Kicheko kikapasuka. Mheshimiwa mwenyewe akacheka, maana ni mwanasiasa. Kogo hakucheka.

"Mzee wangu alikufa na koo. Nyinyi wote mlikuja kuzika, mkakula, mkaenda. Mimi nilibaki na kibuyu yake. Mimi ndio nilikuwa naweka maziwa ndani. Kama ni hiyo kibuyu ilimuua, nataka nijue. Kama si hiyo, pia nataka nijue. Mila haiwezi kunijibu hiyo kitu." Akamgeukia msichana wa raba. "Wewe unaweza kupima kibuyu ya mtu alikufa?"

Msichana akasema wanaweza kukwangua ukuta wa ndani na kuangalia kilichobaki humo, hata kama ni cha zamani. Lakini kisioshwe, kisifukizwe moshi, kisiguswe. Kije kama kilivyo, Alhamisi ya wiki ijayo, kwenye zahanati.

Nilitembea nyuma ya Kogo tukirudi nyumbani kati ya mistari ya chai, nikamtazama mgongo ule mdogo, na sijui kama nimewahi kumheshimu mtu kiasi hicho. Watu wa umri wake, na wa umri wangu, tunaomba Mungu atufiche majibu. Yeye alikuwa ameliomba lake mbele ya kijiji kizima.

Heshima hiyo haikunizuia kufanya nilichofanya.

Mume wangu hufanya kazi kiwandani Kericho na huja mwisho wa wiki. Habari za baraza zilimfikia kabla sijampigia. Akaniambia kwenye simu, "Usimwache mama apeleke ile kitu. Mzee amelala, wacha alale. Na wakisema ni kibuyu, mama ataishi aje?" Nikamjibu kwamba mama ni mtu mzima. Lakini neno lake lilinikaa. Ataishi aje? Nililipika kichwani siku tatu nikipima maziwa ya watu. Na sitajifanya malaika: niliwaza pia zile pakiti, ile barua, wanawake ishirini waliokuwa wameniamini. Kibuyu kimoja cha marehemu kikipatikana na kitu, nani atanunua?

Jumatano Kogo akaenda kwenye maombi. Niliingia jiko la zamani saa nne asubuhi, jua likipenya kwenye mianya ya mbao, nikakishusha kile kibuyu kutoka kwenye msumari. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nilichemsha maji. Nikaleta magadi, nikaleta ile dawa tunayooshea mitungi kituoni, inayoua kila kitu chenye uhai. Nikasugua kwa brashi ya ufito, nikasuuza, nikasugua tena hadi maji yakatoka meupe. Kaa la miaka mingi likaondoka likielekea mferejini. Nilikikausha juani, nikakipaka masizi kwa nje mahali vidole vyangu vilipoyaondoa, nikakirudisha. Nilifanya kazi nzuri sana. Nilijiambia nimemwokoa mama mkwe wangu.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja jikoni kukifunga kwenye kitambaa kwa safari ya kesho yake. Nilikuwa mlangoni nikichambua mboga. Alikishusha, akafungua kifuniko, akakileta puani. Mara moja tu. Kisha akakiteremsha mapajani na kukaa kwenye kigoda.

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, hata kwa Kikipsigis.

"Umeosha," akasema.

"Nimeosha, Kogo."

"Na dawa ya mitungi."

"Na dawa ya mitungi."

Mimi ninayewarudisha watu kwa kijiko kimoja cha maji. Mimi ninayewaambia akina baba wenye mvi kwamba kipimo hakidanganyi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: nilianza kujieleza, nikasema nilitaka kumwepusha na maumivu, nikamtaja mume wangu, nikakitaja kikundi, nikajisikia nikitoa visababu vyote nilivyowahi kuvisikia kwenye foleni ya maziwa asubuhi. Akaniacha nimalize.

"Wewe uliogopa jibu kuniliko mimi," akasema. Aliona sijaelewa, akarudia polepole. "Mimi naogopa. Lakini wewe umeogopa kunishinda. Na si bwana yako alikufa."

Akaninyima hata hasira. Alichukua kikapu chake, akaenda shambani kuchuma chai peke yake, na nilimwona kwa mbali akitembeza vidole juu ya meza ya majani, mawili na kichipukizi, mawili na kichipukizi, bila kuruka, kama siku nyingine yoyote. Mimi nilikaa na kile kibuyu safi. Nililia, nami si mtu wa kulia. Nilikuwa nimefuta kitu ambacho hakuna mtu duniani angeweza kukiandika upya, na nilikifuta kwa ustadi wa kazi yangu mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Ya kwangu yalikuwa yameshafika mtoni.

Asubuhi ya Alhamisi nilidhani safari imekufa. Nikamkuta amevaa gauni la kanisa na kilemba cheupe, kibuyu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Twende," akasema. "Utamwambia yule msichana na mdomo yako."

Nilimwambia. Chumba cha zahanati kilikuwa kidogo, chenye meza, viti vitatu na dirisha linaloangalia mashina ya chai yaliyokatwa. Msichana wa raba alikuwa ameshavaa glavu. Alisikiliza, akavua glavu moja, akachungulia ndani ya kibuyu kwa tochi. Akaanza kumwambia Kogo kitu kwa Kikipsigis, Kogo akamkatiza.

"Ongea Kiswahili. Huyu asikie."

"Sitakudanganya, Kogo," msichana akasema. "Ameharibu. Ukuta wa hiki kibuyu ungetufunza kitu, na sasa hautatufunza." Nikainamisha kichwa. "Lakini kuna jambo ningekuambia leo hata kama hakingeoshwa, na pengine ningekuambia siku ile barazani. Hata tungepata ndani yake kitu kibaya, tusingeweza kusema ndicho kilichomuua Mzee. Watu wengi wanakunywa, hawaugui. Wengine hawanywi, wanaugua. Kipimo kinaweza kutuonyesha hatari ya watu wengi wakiwekwa pamoja. Hakiwezi kurudi nyuma kumtafutia mtu mmoja sababu."

Nje mtu alikuwa akiita mbwa.

"Kwa hivyo sitajua."

"Hutajua, Kogo. Pole."

"Hata wewe hutajua."

"Hata mimi. Kuhusu Mzee, hapana."

Nilimtazama usoni nikitafuta nafuu, kwa sababu mimi nafuu nilikuwa nimeipata, naona haya kuisema. Kwake haikuwepo. Alikuwa ametembea akiwa tayari kubeba ndiyo au kubeba hapana, na akapewa kitu kisichobebeka. Mimi ningeinuka pale, ningefunga kibuyu changu, ningeenda nyumbani kuwalaani wasomi wote. Kogo alirekebisha kiti.

"Basi wale watakuja nyuma," akasema. "Watoto ya huyu. Watajua?"

"Kama watu watatuambia ukweli wote wa walioondoka. Tuna maswali. Ni mengi, na mengine ni ya ndani. Watu wengi hawapendi kuyajibu."

"Uliza."

Msichana akafungua kishikwambi chake na kuanza, na kwa saa mbili nilimsikiliza mama mkwe wangu akimtoa mumewe kaburini kipande kwa kipande. Sijawahi kusikia ushahidi kama ule. Chai alikunywa vipi? Ikiwa bado inatokota. Mvuke ukipungua alikuwa anarudisha kikombe jikoni. Tumbaku? Ugoro, alioukana mbele ya mchungaji na kuuficha ndani ya kofia ya mvua, akidhani mkewe hajui. Pombe? Busaa kabla ya kuokoka, na baada ya kuokoka mara mbili, harusini, na alirudi akiimba nyimbo za dini ili kuficha. Hapo Kogo alicheka, msichana akacheka, nami nikacheka nikishika mdomo. Mahindi? Mwaka ule mvua ilipokataa kukatika, ghala likavuja, walichagua punje nzuri wakauza, zile za ukungu wakala wenyewe. Alijua mwezi. Alijua meno yaliyong'oka, kwa mpangilio. Alijua ni tonge la ugali la siku gani lililokwama mara ya kwanza, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemfichia Mzee siri hiyo kwa miezi kabla hajatuambia sisi, na akasema hilo pia liandikwe: kwamba ugali ulianza kukwama mapema kuliko tulivyosema hospitalini, kwamba mtu wake aliogopa, na yeye akamsaidia kuogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, kisha tunaficha. Yeye alikuwa anafichua, hadharani, bila kujipunguzia hata robo kijiko.

Nilifikiri kuhusu kipimo changu pale mlangoni, miaka tisa. Nilijiona mwaminifu kwa sababu naweza kuona uongo wa wengine. Huu wa Kogo ulikuwa uaminifu wa namna nyingine, na sikuwa na chombo cha kuupima.

Wakafika kwenye maziwa. Mursik alikunywa mara ngapi kwa siku? Asubuhi na jioni. Ilikaa siku ngapi kabla ya kunywewa? Akataja. Kaa la mti gani? Akataja, akaeleza na ua ulipo, wakitaka waje wachukue. Kulikuwa na mtu mwingine aliyekunywa kutoka kibuyu hicho? Hapana.

Msichana akasoma swali lililofuata kimoyomoyo, kisha akaweka kishikwambi mezani na kukifunika kwa kiganja.

"Hili unaweza kuliacha, Kogo. Si lazima. Linauliza ni nani alikuwa anamtengenezea."

Kogo aliikunja mikono yake mipana juu ya meza. Hakumtazama msichana, hakunitazama mimi. Alitazama ule mkono uliofunika swali hadi ukaondoka.

"Andika ni mimi," akasema. "Kila siku, mimi."